Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara yetu: sengi hahamishwi kwa siku tano

KWA:
Mkurugenzi wa mamlaka inayosimamia mradi wa barabara yetu,
Mhandisi Mkaazi wa mradi,
na Afisa wa Mazingira wa kampuni iliyopewa kandarasi.

MINTARAFU: KUHAMISHWA KWA SENGI KABLA YA MSITU KUFYEKWA

Waheshimiwa,

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono hadi kambini mwezi wa Januari, ya pili nikaituma Machi, ya tatu nikampa karani wenu uso kwa uso siku ya baraza la chifu. Zote zilipigwa muhuri wa "Imepokelewa". Nakala ninazo, na mihuri ni ya buluu, yasomeka vizuri. Jibu ndilo sina. Juma lililopita tingatinga limekuja kuegeshwa pembeni mwa msitu na mibambakofi mitatu imepakwa X nyekundu, basi nimeona niandike peupe, mbele ya majirani na yeyote atakayesoma.

Mimi ni mwongoza wageni, upande wa Gede. Kabla ya hapo nilifuga vipepeo wa kuuza, na kabla ya hapo, kusema kweli, nilikuwa kijana wa kutega tanzi kama vijana wengine. Huu ni mwaka wa kumi na tisa naingia msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri, tochi mkononi, nyuma yangu wageni wanaotaka kuona bundi, ndege chozi na sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ninayemwandikia barua hii. Sina shahada. Ninayoyajua nimeyajua kwa kuchuchumaa.

Barabara naitaka. Mwaka juzi, mvua za Mei, mke wa ndugu yangu alijifungulia kando ya bodaboda iliyozama matopeni, sisi tukimkinga kwa turubai la kuanikia mahindi. Kwa hivyo asinijie mtu na lile neno la "adui wa maendeleo". Lami ikifika nitakuwa wa kwanza kuitembea.

Ninachokilalamikia ni sentensi moja iliyo katika mpango wenu wa mazingira, ule uliosomwa kwenye baraza kwa haraka kama tangazo la mnada: kwamba wanyama wadogo watanaswa kwa mitego na kuhamishiwa msitu wa karibu kwa muda wa siku tano kabla ya eneo kusafishwa. Ni mstari mmoja na nusu tu. Nitauchambua, kwa sababu kila neno ndani yake lina tatizo.

Kwanza, kwa wale mnaofanya kazi ofisini na hamjamwona, sengi ni nani. Huyu wetu ana makalio ya dhahabu, kama aliyekalia unga wa manjano. Ana uzito wa nusu kilo na kidogo, miguu myembamba kama ya paa, na pua ndefu inayopindapinda akifukua majani. Hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye misitu ya pwani ya Kenya, na wengi wao wamo humu Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi. Watafiti walikadiria wamo takriban 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hesabu ya 2008 ikaleta kama 13,000. Shirika la kimataifa la uhifadhi linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini limemweka miongoni mwao. Kile kipande chetu, ekari sabini hivi kati ya mikorosho na mpaka wa hifadhi, ni cha pembeni tu, lakini wamo. Kwenye mstari wenu wa barabara pekee nimehesabu jozi saba.

Haya sasa malalamiko yangu.

1. Mitego mliyoitumia haimnasi sengi.

Mliweka vizimba vya waya ishirini na vinne, ndani nazi iliyokunwa na karanga. Nilivihesabu. Sengi hali nazi wala karanga. Chakula chake ni mende wa majani, mchwa, buibui, majongoo na minyoo, na hukitafuta mwenyewe kwa pua na makucha siku nzima chini ya majani makavu. Harufu ya chambo haimwiti. Mtu aliyewachunguza sengi hawa kwa muda mrefu kuliko wote, Mmarekani Galen Rathbun, aliwafuata hapa hapa penye magofu ya Gede katika miaka ya 1970, na alipotaka kumshika mmoja alitandaza wavu. Wazee wetu wawindaji nao walijua hivyo: hutegwa kwenye vijia vyake, au hukimbizwa akaingia wavuni. Kizimba chenye karanga ni cha panya.

Na panya ndio mliowapata. Siku tano: panya buku wawili, nguchiro mmoja mwenye hasira, na kuku wa jirani yangu, ambaye alirudishwa baada ya majadiliano marefu. Ningecheka, ila nilisoma kilichoandikwa baadaye. Ripoti inasema hakuna sengi aliyenaswa, *kwa hivyo* hakuna sengi katika eneo la mradi.

Waheshimiwa, mvuvi akitupa ndoana bila chambo kisha akarudi pwani kusema bahari haina samaki, mtampa kazi ya kuhesabu samaki?

Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote, na ndilo lililonifanya nishike kalamu kwa mara ya nne. Kushindwa kuwakamata ni jambo la kawaida, hata mimi na miaka yangu yote simshiki kirahisi. Lakini ninyi mmegeuza kushindwa huko kuwa ushahidi wa kwamba hawapo, na kwa ushahidi huo mnasema hakuna tena wa kuhamishwa.

2. Siku tano hazitoshi hata kwa mtoto mmoja.

Sengi hulala kwenye kiota chini ardhini. Alfajiri, kabla jua halijapasua, utamsikia kabla ya kumwona: chakacha, kimya, chakacha. Anakwangua majani kwa miguu ya mbele, anayasukuma nyuma, anatulia asikilize, kisha anaendelea. Amechimba kishimo kidogo, ametandika, amefunika. Akimaliza unaona chungu ya majani yenye upana wa kama mita moja. Baada ya mvua mbili huwezi tena kuitofautisha na sakafu ya msitu. Kila mmoja ana viota kadhaa na hubadilishabadilisha pa kulala ili adui asimzoee. Mtu asiyejua atapita juu ya kiota akiwa na kipimio chake na kitabu chake, na atajaza "hakuna".

Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara, na huyo mtoto hukaa kiotani kama wiki mbili kabla hajatoka kumfuata mama. Hawana msimu maalumu. Wanazaa mwaka mzima. Kwa hivyo siku yoyote mtakayochagua kufyeka, kuna uwezekano wa kiota chenye mtoto. Mama atatimka. Mtoto atabaki chini ya majani, ametulia kama alivyofundishwa na maumbile, mpaka mnyororo wa tingatinga umfikie.

3. "Msitu wa karibu" una wenyewe.

Mmeandika kana kwamba ng'ambo ya mpaka kuna vyumba vitupu. Sengi huishi kwa jozi, dume na jike, na kila jozi ina shamba lake la ekari nne hivi. Dume humfukuza dume mgeni, jike humfukuza jike mgeni. Wanakimbizana kweli kweli, tena kwa meno: ngozi iliyo chini ya ile dhahabu ya makalioni ni nene kuliko ya mgongoni, na watafiti wanasema ni ngao ya kuumwa na wenzake katika fukuzano hizo. Sasa mmwachilie mgeni saa nane mchana, hajui kijia wala kiota, kwenye shamba la mwenyewe. Atakimbizwa shamba hadi shamba mpaka mwewe amwone.

Na mahali mlipopachagua, nimepatembea. Ni msitu mwepesi wa miti ya mrihi, uliokwanguliwa kuni hadi mchanga unaonekana. Sengi bila tandiko la majani ni samaki kwenye sinia.

Tena msidhani nasema mambo ya kubahatisha. Nchi nzima inakumbuka Julai 2018, vifaru weusi 11 walipohamishiwa Tsavo Mashariki. Walikuwapo madaktari wa wanyama, malori maalumu, kamera za televisheni. Vifaru hao wote walikufa, na maji ya chumvi ya huko walikopelekwa yalitajwa kuwa sababu kubwa. Ikiwa mnyama wa tani nzima, anayejulikana dunia nzima, aliweza kupotezwa namna hiyo kwa sababu ya maji ya kunywa, huyu wa nusu kilo atapigiwa hesabu na nani?

4. Hakuna mtu aliyepangiwa kurudi kuwaangalia. Nimeutafuta mstari huo katika mpango wote, haupo. Kumhamisha mnyama bila kumfuatilia ni kumtupa.

5. Barabara ikishakwisha.

Hapa mmenyamaza kabisa. Lami itapita katikati ya mashamba ya jozi zile. Sengi hukimbia sana, lakini hukimbia kwa vijia vyake, na kijia kikikatwa na lami atavuka pale pale kwa sababu ndipo alipozoea. Kule Diani, Kusini mwa Pwani, wahifadhi wa mbega walitundika madaraja ya kamba juu ya barabara, na nimeona kwa macho yangu mbega wakipita juu, matatu zikipita chini. Sengi hapandi kamba. Yeye anahitaji kalavati pana lisilojaa maji, lenye udongo na majani chini, na matuta ya kuwapunguza mwendo madereva. Kwenye michoro yenu makalavati yapo, ila yote yamewekwa bondeni penye mkondo wa maji, hakuna hata moja juu penye msitu.

Nayajua majibu mtakayonipa, kwa kuwa baadhi nilishapewa mlangoni.

Mtasema ni panya. Karani wenu alinicheka: "Mzee, barua tatu kwa ajili ya panya?" Sengi si panya hata kidogo. Wanaochunguza nasaba za wanyama wamemweka ukoo mmoja na ndovu, pimbi, muhanga na nguva wa baharini. Hata hivyo, tuseme angekuwa panya: panya asiyepatikana kwingine duniani bado angekuwa na haki ya kuhesabiwa sawasawa.

Mtasema watakimbia wenyewe wakisikia mashine. Watakimbia, ndiyo, hadi ukingo wa shamba lao, watapiga mkia kwenye majani makavu kuonyana, na mashine ikinyamaza jioni watarudi kulala. Nimewaona wakifanya hivyo kwa moto, kwa mbwa na kwa msumeno.

Mtasema leseni ipo. Leseni ilitolewa kwa kuamini mpango, na mpango uliamini vizimba vya karanga. Msingi ukiwa mbovu, karatasi ya juu haiuponyi.

Mtasema mkataba una tarehe na kila siku ya kuchelewa ina fidia. Hili ndilo jibu la maana na silipuuzi, najua fedha ni zetu sote. Lakini tarehe hupangwa na watu. Uingereza kuna mnyama jamii ya panya, mwenye mkia wa manyoya, uzito wake gramu 20 tu, anayelala usingizi mzito majira yote ya baridi karibu na mizizi. Akiwepo kwenye njia ya barabara mpya, mkandarasi lazima awe na kibali maalumu. Vichaka hukatwa kwa mkono wakati wa baridi, juu juu, visiki vikaachwa. Mizizi haing'olewi mpaka mnyama aamke, kuanzia Mei, akahamia mwenyewe vichaka vya jirani vilivyoachwa kwa ajili yake. Yaani kalenda ya barabara inamsubiri mnyama ambaye sengi wetu mmoja anawazidi uzito ishirini na watano wao. Wahandisi wa huko hawakufa kwa kusubiri.

Na mtasema, pengine kwa sauti ya chini, kwamba sisi wenyeji ndio tunaowamaliza kwa tanzi na kuni. Ni kweli. Nimeshakiri hapo juu nilikotoka. Wapo majirani zangu watakaosoma barua hii na kununa. Lakini kosa la kijana mwenye tanzi haliwi hati ya ruhusa kwa kampuni yenye tingatinga.

Ninaloliomba si kubwa kama mnavyohofia.

Tingatinga lisiingie katika ile kilomita moja na robo ya msitu mpaka hesabu irudiwe. Kwingine kote kazi iendelee. Kuna kilomita nyingi za mashamba ambazo hazimwumizi sengi yeyote. Hesabu ifanywe alfajiri, kwa kutafuta viota na kuona kwa macho, na watu wanaowajua. Tupo waongoza wageni wanane tuliokubali kufanya kazi hiyo, na watafiti wa sengi wanapatikana nchini humu.

Kabla ya kumhamisha yeyote, mhandisi aangalie kama mstari unaweza kusogezwa mita mia mbili kuelekea kwenye mikorosho. Nimezungumza na wenye mashamba wawili wanaohusika. Wako tayari kusikiliza, mradi fidia iwe ya haki na ilipwe kabla mti haujaanguka. Kumhamisha mnyama liwe jambo la mwisho, likishindikana lingine lote. Ninyi mmeanza na hilo.

Ikishindikana kweli, basi wahamishwe kwa wavu, dume na jike wake pamoja, asubuhi mapema, wapelekwe mahali palipokaguliwa kwanza: pana majani ya kutosha, hapana tanzi, na pana nafasi. Jike mwenye mtoto kiotani aachwe mpaka mtoto atoke. Wafuatiliwe mwaka mzima, na matokeo yabandikwe kwa chifu, hata yakiwa ya aibu.

Mniwekee pia kalavati mbili kavu na matuta manne katika sehemu ya msitu. Gharama yake ndani ya mradi wa lami mnaijua wenyewe kuliko mimi.

Mwisho, ripoti nzima ya mazingira itolewe, pamoja na jedwali la vile vizimba. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, cha 42 kinanipa haki ya mazingira safi, na cha 69 kinasema umma ushirikishwe katika kuyatunza. Sipendi kwenda mahakamani. Nauli ya kwenda Malindi na kurudi mara kumi ni ada ya mtoto. Lakini kijiji kimeshaanza kuchanga.

Alfajiri ya Jumatatu, saa kumi na moja, nitakuwa chini ya mbambakofi wa kwanza wenye X. Njooni kwa miguu kutoka barabarani, msije na gari, na mvae viatu visivyopiga kelele. Hatua kumi na mbili upande wa mashariki kuna kiota kipya. Nimekizungushia vijiti vinne na uzi wa nailoni mweupe. Dereva wa tingatinga nimeshamwonyesha. Alichuchumaa nami karibu saa nzima, akaona makalio ya dhahabu yakipita mara mbili, akaniambia hataukata uzi ule mpaka apate amri kutoka kwenu.

Wenu mwaminifu,

Mwongoza wageni,
Gede, Kaunti ya Kilifi.

Nakala: Chifu, kamati ya jumuiya ya msitu, wenye mashamba wawili waliotajwa, ubao wa matangazo, soko la Gede.